Nani Kaamua Nchelenge Ibaki na Vyandarua Tu?

Kuna hoja inayopendwa sana kwenye semina za wafadhili, kwenye vikao vya bajeti na hata kwenye vijiwe vya wasomi wetu. Inasema kwamba mtu wa Nchelenge, pale ukingoni mwa Ziwa Mweru, hana haja na fizikia ya leza za eksirei. Anahitaji chandarua, kisima, barabara na muuguzi. Mambo ya elektroni zinazokimbizwa karibu na kasi ya mwanga, na ya mipigo ya eksirei yenye rangi mbili, ni anasa ya Hamburg, ya California na ya Japani, na anayeyaleta katika mazungumzo ya malaria ya Luapula anajionyesha tu. Hoja hii husemwa kwa sauti ya huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoifanya ipite bila kuulizwa maswali. Mimi naiona ni hoja potofu. Tena inawagharimu watu walewale inaodai kuwahurumia.

Tuanze na hicho chandarua, maana ndipo wenye hoja wanapojiona wako imara.

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo, kwenye miji ya Kilwa na Pweto, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Upande huu watu wanasema Kibemba, lakini wavuvi na wachuuzi wa samaki hawajawahi kuuona mpaka huo kuwa ukuta. Mwaka 2010 wilaya hii iliingizwa katika mtandao wa utafiti wa malaria wa kusini na kati mwa Afrika, unaokishirikisha Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Vituo vya utafiti vilikuwa vitatu, na kila kimoja kilichaguliwa kwa sababu yake. Choma, kusini mwa Zambia, ni mahali ambapo malaria ilikuwa imeshuka. Mutasa, nchini Zimbabwe, ni mahali ambapo ilikuwa imeshuka kisha ikarudi. Nchelenge ilichaguliwa kwa kuwa ni mahali ambapo juhudi za kuidhibiti hazikufua dafu.

Wala si kwamba juhudi hazikuwepo. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa. Upuliziaji wa dawa ukoko kwenye kuta za nyumba ulifanyika. Dawa mseto ilikuwepo, kwani Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani kuifanya dawa mseto ya artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hospitali ya St. Paul's pale Kashikishi imekuwepo muda wote huo. Yaani vyote ambavyo wenye hoja wanasema vinatosha vilipelekwa, na bado Nchelenge ikabaki miongoni mwa sehemu zenye malaria nzito kuliko nyingi duniani.

Kwa nini? Wapo wanaokimbilia kuwalaumu wavuvi, eti wanavulia chisense, wale samaki wadogo, kwa vyandarua. Lawama hiyo ni rahisi kwa sababu haimgusi anayelaumu. Watafiti waliokaa wilayani wametoa jibu jingine, na jibu hilo limo ndani ya mwili wa mbu. Mbu anayetawala kule ni Anopheles funestus, ambaye hupenda maji ya kudumu yenye majani: mabwawa, vinamasi na kingo za mito, vitu ambavyo mwambao wa Mweru hauna upungufu navyo. Msimu wa mvua anaongezeka Anopheles gambiae, lakini funestus yupo mwaka mzima. Funestus wa Nchelenge amekwisha kuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zilizopakwa kwenye vyandarua. Ndiyo sababu mwaka 2014 upuliziaji ulihamia kwenye dawa ya aina nyingine, pirimifosi-methili, ambayo ni ghali zaidi.

Usugu huo si uchawi. Katika funestus wa kusini mwa Afrika umefungamana na vimeng'enya vya jamii ya saitokromu P450, hasa viwili ambavyo wataalamu wanaviita CYP6P9a na CYP6P9b. Kimeng'enya cha P450 kinaikamata molekuli ya sumu na kuipachika atomu ya oksijeni, nayo inapoteza makali kabla haijafika kwenye neva za mbu. Kazi yote hiyo inafanyika katikati ya kimeng'enya, mahali penye atomu moja ya chuma.

Naomba msomaji aishike vizuri atomu hiyo moja ya chuma, kwa sababu hoja yangu yote imening'inia hapo. Kimelea cha malaria, kikishaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, hula himoglobini, na mabaki yake ni himu, molekuli nyingine yenye chuma. Himu ni sumu kwa kimelea, kwa hiyo kimelea huipanga kuwa fuwele ndogo nyeusi zisizodhuru. Klorokwini ilifanya kazi kwa kuzuia mpangilio huo. Artemisinini na jamaa zake, ambao ni nusu ya dawa mseto tunayoitegemea sasa, huamshwa na chuma hichohicho cha himu: chuma kinavunja daraja la oksijeni mbili lililomo ndani ya dawa, na vipande vinavyotokea ndivyo vinavyokishambulia kimelea. Mbu anajikinga na dawa ya chandarua kwa kutumia chuma, na dawa ya hospitali inakiua kimelea kwa kuamshwa na chuma. Vita ya Nchelenge, ukiisogelea karibu ya kutosha, inapiganwa kuizunguka atomu hiyo.

Sasa aje mtu aniambie kwamba chombo kinachoweza kuielekezea eksirei atomu ya chuma na kuona kinachotendeka pale, kwa muda mfupi kuliko atomu inavyoweza kusogea, hakiihusu Nchelenge.

Chombo chenyewe kinafanyaje kazi? Inafaa tukieleze polepole, kwa kuwa dharau nyingi dhidi ya leza ya elektroni huru zinatokana na kutoijua. Pale Stanford, California, kwenye mashine iitwayo LCLS iliyotoa mwanga wake wa kwanza wa eksirei mwezi wa Aprili 2009, elektroni hung'olewa kutoka kwenye bamba la shaba kwa mpigo wa leza ya kawaida. Halafu husukumwa na mawimbi ya redio ndani ya mabomba ya shaba yenye urefu wa kilomita moja hivi, mpaka zinakaribia kabisa kasi ya mwanga. Zikifika hapo zinaingizwa kwenye andyuleta, ambazo ni safu ya sumaku yenye urefu wa zaidi ya mita 100, ncha za kaskazini na kusini zikipishana. Elektroni zinayumba kushoto na kulia, na kila zinapoyumba zinatoa mwanga. Mwanga huo unazigeukia elektroni zenyewe na kuzipanga katika tabaka nyembamba. Zikishapangika, zinatoa mwanga kwa pamoja badala ya kila moja kivyake, na nguvu yake inapanda maradufu juu ya maradufu. Kinachotoka mwisho ni mpigo wa eksirei wenye nguvu ya ajabu unaodumu femtosekunde makumi tu, pengine chini ya hapo. Chukua sekunde moja, igawe mara milioni moja, kisha kila kipande kigawe tena mara bilioni moja: kipande hicho cha mwisho ndicho femtosekunde.

Rangi ya eksirei ni nishati yake, na nishati hiyo inaamuliwa na mambo mawili: kasi ya elektroni na nguvu ya sumaku zinazoziyumbisha. Hapo ndipo mlango wa rangi mbili ulipofunguka. Mwaka 2013 makundi mawili yalichapisha kazi ambazo hazijapoteza umuhimu hadi leo. La Stanford lilizigawa andyuleta katika sehemu mbili, kila sehemu na nguvu yake ya sumaku, kwa eksirei laini, yaani za nishati ya chini. La Japani, kwenye mashine ya SACLA, lilifanya hivyo kwa eksirei ngumu, yaani za nishati ya juu, likapata rangi mbili zinazoachana kwa zaidi ya asilimia 30. Kati ya sehemu mbili za andyuleta kuna sumaku zinazozichepusha elektroni pembeni kidogo kisha kuzirudisha njiani. Mchepuko huo unafanya kazi mbili. Unazichelewesha elektroni kwa femtosekunde chache au makumi kadhaa, na unavuruga ule mpangilio wa tabaka, ili zikiingia sehemu ya pili zianze upya na rangi mpya. Matokeo ni mipigo miwili kutoka kundi moja la elektroni, kila mmoja na rangi yake, na muda kati yao unaamuliwa na mtafiti.

Gharama ipo, nisiwafiche. Ukiiacha sehemu ya kwanza ifike kileleni, elektroni zinachafuka nishati na sehemu ya pili haipati kitu, kwa hiyo kila rangi inabidi iridhike na nguvu ndogo kuliko ya rangi moja. Wahandisi hawakukaa kimya. Mwaka 2015 Stanford walitumia makundi mawili ya elektroni yanayofuatana kwa karibu sana, kila kundi na nishati yake. Mwaka 2016 wakaja na njia ya kulifanya kundi moja litoe rangi ya kwanza kwa mkia na ya pili kwa kichwa, hivyo kila rangi ikapata elektroni mbichi. Huko Trieste, Italia, mashine ya FERMI ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine kwa miale ya nishati ya chini, kwa kutumia leza ya mbegu yenye mipigo pacha.

Hapa huingia mpinzani wa aina ya pili, naye ni mjanja kuliko wa kwanza. Huyu hasemi kwamba leza ya eksirei ni anasa kwa Afrika. Anasema rangi moja inatosha. Rangi mbili ni mchezo wa mafundi wa mashine. Nimjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni fuwele. Ili kuijua sura ya protini kwa eksirei, unapiga fuwele yake na kusoma madoa ya miale iliyotawanyika. Madoa yanakupa nguvu ya mawimbi, lakini hayakupi awamu zake, na bila awamu huna picha. Njia moja ya kuzipata awamu ni kupima fuwele ileile kwa nishati mbili au zaidi, jirani na nishati ambayo atomu fulani nzito hunyonya eksirei. Kwa chuma nishati hiyo ni karibu elektronivolti 7,112. Kwenye mashine za kawaida za eksirei, ziitwazo sinkrotroni, hilo linafanyika kila siku: unapima kwa nishati moja, unabadilisha, unapima tena. Kwenye leza ya elektroni huru huwezi, kwa sababu fuwele inasambaratika kwa mpigo mmoja. Inatoa picha yake kisha inakufa. Njia ya kuipima fuwele moja kwa rangi mbili ni kuzituma rangi zote mbili katika pigo moja, na mwaka 2017 watafiti waliotumia SACLA walichapisha ushahidi kwamba awamu zinapatikana kweli kwa njia hiyo. Protini zenye chuma, kama P450, zimezaliwa na alama yake tayari.

La pili ni uaminifu wa picha yenyewe. Mpigo wenye nguvu kiasi hicho unang'oa elektroni kutoka kwenye atomu, na chuma, kwa kuwa kinanyonya eksirei zaidi kuliko kaboni na oksijeni zilizokizunguka, ndicho kinachoumia mapema. Je, unachokiona kwenye picha ni kimeng'enya kilivyo, au ni kimeng'enya kilivyoungua? Rangi mbili ndizo mkaguzi wa hesabu hizo. Mpigo wa kwanza unadhuru, wa pili, wenye rangi inayotofautishika, unaangalia madhara yamefika wapi baada ya femtosekunde kadhaa. Mwaka 2016 kundi la SACLA lilifanya ukaguzi huo kwa almasi na kuona kwamba atomu za kaboni zilianza kusogea kwa kiasi cha kuonekana karibu femtosekunde 20 baada ya mpigo wa kwanza. Matokeo kama hayo ndiyo yanayomwambia mtafiti mpigo wake uwe mfupi kiasi gani ndipo picha isimdanganye. Anayeuita huo mchezo wa mafundi hajawahi kuulizwa kama takwimu zake ni za kweli.

Turudi kwenye mbu, maana wapo watakaosema haya yote ni ahadi za kesho. Mwaka 2016, katika jarida la Nature, ilichapishwa sura ya BinAB, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Lysinibacillus sphaericus. Sumu hii inaua viluwiluwi vya Culex na vya Anopheles. Bakteria huihifadhi ndani ya mwili wake kama fuwele ndogo kupita kiasi, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, ambazo hazikuwa zinawezekana kupimwa kwa eksirei za kawaida. Zilipimwa kwenye leza ya Stanford, na tatizo la awamu likatatuliwa kwa kuziloweka fuwele kwenye zebaki, iodini na gadolini. Ilikuwa kazi ndefu na ya jasho, ya aina ambayo mipigo ya rangi mbili inaweza kuipunguza. Miaka iliyofuata sumu za bakteria mwingine, Bacillus thuringiensis israelensis, nazo zikafunuliwa kwa leza hizohizo.

Bakteria hao hawatengenezwi Ulaya peke yake. Wanatengenezwa Kibaha, mkoa wa Pwani, Tanzania. Kiwanda cha viuadudu kilichojengwa pale kwa ushirikiano na Cuba kilizinduliwa mwaka 2015 wakati wa Rais Kikwete, na miongoni mwa bidhaa zake ni hizi mbili: Bactivec yenye thuringiensis, na Griselesf yenye sphaericus. Mwaka 2017 Rais Magufuli alikitembelea na kuziagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Basi tupime uzito wa jambo hili. Sumu ambayo sura yake ya ndani ilijulikana kwa leza ya eksirei huko California inazalishwa kwenye mapipa ya Kibaha, na bado tunaambiwa kwamba leza hiyo haituhusu. Maana yake nini? Kwamba sisi tuchanganye na tupakie, wengine wajue?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kumwaga dawa ya viluwiluwi kwenye vinamasi vya Mweru si kazi ya kutamaniwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza njia hiyo pale ambapo mazalia ya mbu ni machache, yanajulikana na hayahamihami, na mwambao wa Nchelenge ni kinyume cha hayo. Sidai kwamba sura ya BinAB imemponya mtoto yeyote wa Kashikishi, wala kwamba mpigo wa rangi mbili utafanya hivyo mwakani. Ninachodai ni kwamba usugu wa mbu na wa vimelea unajitengeneza katika kiwango cha molekuli, na asiyeweza kuona katika kiwango hicho atabaki kusubiri kuambiwa dawa ipi imekufa. Mabadiliko ya jeni ya kelch13 yanayohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini yamekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Kutoka Kagera hadi Luapula si mbali kwa kimelea kinachosafiri ndani ya damu ya abiria wa basi.

Kuna historia pia, na wenye hoja ya mambo rahisi wangefanya vema kuisoma. Mwanahistoria wa Kizambia Mwelwa Musambachime aliandika juu ya malale katika Mweru na Luapula kati ya 1906 na 1922. Utawala wa wakati huo, uliokuwa chini ya kampuni ya Waingereza, haukuwa na dawa ya maana wala uelewa wa kutosha wa kimelea. Ukachukua hatua rahisi iliyokuwa karibu: uliwahamisha watu kutoka kingo za ziwa na mto, ukabana uvuvi na uvukaji wa mitumbwi. Mtu wa mwambao alipoteza samaki, biashara na ndugu wa ng'ambo, kwa sababu waliomtawala hawakujua vya kutosha kimelea anachokibeba mbung'o kinafanyaje kazi. Takriban miaka 100 baadaye, mwaka 2013, leza ya Stanford ilionyesha sura ya kathepsini B, kimeng'enya cha kimelea cha malale Trypanosoma brucei, kikiwa bado kimefungwa na kizuizi chake cha asili. Fuwele zake zilikuwa zimekua ndani ya chembe za wadudu, ndogo mno kwa mashine nyingine. Ukikijua kizuizi cha asili kinavyokaa, unapata mahali pa kuanzia kutafuta dawa. Hilo nalo ni la anasa?

Sasa nigeukie hoja ya tatu, ambayo imepata nguvu tangu nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2024 ilipokwenda kwa waliotengeneza AlphaFold, programu ya kukisia sura za protini. Wanasema AlphaFold inatosha. Kompyuta itakupa sura ya kimeng'enya chochote kwa dakika chache, eksirei za nini tena? Programu hiyo ni kazi kubwa, na mtafiti wa Ndola anapaswa kuitumia leo kabla ya kesho. Lakini ilijifunza kutoka kwenye hazina ya sura ambazo sehemu kubwa yake ilipatikana kwa eksirei, na inachokupa ni sura iliyotulia. Haikuonyeshi chuma kilipoteza elektroni saa ngapi, wala daraja la artemisinini lilivunjika kwa mpangilio gani. Mwaka 2015, pale Stanford, watafiti walipiga mayoglobini kwa mwanga ili kuing'oa monoksidi ya kaboni kutoka kwenye chuma chake, kisha wakaifuata kwa mpigo wa eksirei. Waliona protini nzima ikianza kutikisika kabla hata pikosekunde moja haijaisha. Mwendo wa namna hiyo haukisiwi, unapimwa.

Halafu kuna hoja ya fedha, na hii ndiyo inayozinyamazisha hoja nyingine zote. Mashine ya Ulaya iliyofunguliwa karibu na Hamburg mwaka 2017, yenye urefu wa kilomita 3.4, ilijengwa kwa zaidi ya euro bilioni moja. Nani anaiomba Zambia ijenge kitu kama hicho? Hakuna. Wenye hoja wanashindana na pendekezo ambalo halipo mezani. Mashine hizi hupokea maombi ya watafiti kutoka nchi yoyote, hupima ubora wa swali, na zikikubali hutoa muda wa miale bila malipo kwa sharti kwamba matokeo yachapishwe. Kikwazo ni kwamba hatuna watu wa kutosha wanaoweza kuikuza protini ya mbu wetu, kuitengenezea fuwele na kuiandikia swali. Maabara ya kufanya hivyo ni majokofu, umeme usiokatika, vijana waliofunzwa na nauli. Serikali inayonunua magari ya semina haiwezi kusema imeshindwa na hayo.

Na kwa upande wa shaba, hakuna aliyewahi kusema haiihusu Nchelenge. Shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi, upande wa Katanga, ilikuwa ikivushwa Ziwa Mweru kwa matishari kutoka Kilwa hadi Nchelenge, kisha ikapakiwa kwenye malori kuelekea kusini. Sisemi shaba ile ndiyo iliyotengeneza mabomba ya California. Mabomba hayo ni ya miaka ya 1960. Nasema kwamba madini yalipokuwa yanatoka, mwambao huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya uchumi wa dunia bila mtu kuuliza kama watu wake wana visima. Zamu ya maarifa kuingia ndipo tunapokumbushwa visima.

Wapo pia marafiki zetu wanaokosea kwa upande mwingine, wanaosema tusubiri mpaka Afrika ipate mashine yake. Ni kweli kwamba bara letu ndilo pekee linalokaliwa na watu lisilo na hata sinkrotroni moja, na kampeni ya kuipata, ambayo mkutano wake wa kwanza ulifanyika Grenoble mwaka 2015, ni ya kuungwa mkono. Miongoni mwa waliosukuma kampeni hiyo ni Sekazi Mtingwa, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1983, pamoja na James Bjorken, aliandika nadharia ya jinsi chembe zinavyogongana ndani ya mkondo wake, nadharia inayotumiwa na wasanifu wa mashine hizi kote duniani. Lakini mashine bila watu wenye maswali ni jengo la kukata utepe. Jordan walipoifungua sinkrotroni ya SESAME mwaka 2017 walikuwa wamekwisha kutumia miaka mingi kuwafunza watumiaji wake. Watu kwanza, mashine baadaye.

Kwa hiyo ombi langu halihusu mabilioni. Kituo cha Ndola kina mbu wa Mweru. Taasisi ya Afya Ifakara, huko Tanzania, imekwisha kuonyesha kwamba katika vijiji vya bonde la Kilombero funestus huyuhuyu ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria. Chuo Kikuu cha Zambia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Lubumbashi vina idara za fizikia na za kemia. Wakae pamoja, wachague kimeng'enya kimoja cha P450 kutoka kwa funestus wa Nchelenge, wawafunze vijana watatu au wanne namna ya kukikuza, kisha waandike ombi moja la muda wa miale ya rangi mbili, SACLA au Hamburg. Ombi likikataliwa, waliandike tena. Huko kukataliwa mara ya kwanza si jambo geni. Na wewe mwenye kusimama vikaoni kusema watu wa Mweru hawahitaji mambo haya, nenda kwanza Kashikishi msimu wa mvua, uwaulize wazazi walio kwenye foleni ya wodi ya watoto kama wangependa ijulikane kwa nini dawa ya chandarua haiui tena mbu.